Nge na Ngali

Kama kuna kitu Koma alikipenda kuliko kula, ni kusahihisha makosa ya watu. Ya kwake mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yakimponyoka, na kosa lake kubwa kuliko yote lilipanda ngazi siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, likabisha mlangoni likiwa limevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Hodi."

Koma alikuwa peke yake katika chumba cha Idara ya Fasihi Linganishi na Sanaa, ghorofa ya tatu, mbele ya rundo la insha za mwaka wa kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa mwaka wa tatu, amebakiza wiki tano amalize. Penseli yake ya kijani ilikuwa mkononi. Mwaka mzima hakuisikia sauti ile, lakini penseli ilianguka kabla hajajua kwa nini.

"Karibu," alisema bila kugeuka. Kugeuka kulimshinda.

"Samahani, namtafuta Mwalimu. Mama Tafsiri."

"Yuko kikaoni."

"Atachelewa?"

"Atarudi saa sita."

Yule mtu akasema, polepole, "Koma."

Jina hilo alibandikwa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, alipochukua kalamu na kutia koma tatu kwenye tangazo la mlango wa bwalo, mpishi akiwa amesimama palepale anamtazama. Tangu hapo wenzake walikuwa wakiita "Koma!" kwenye korido, na wapita njia wasiojua kitu wanasimama ghafla wakidhani wamekosea. Watu wote walilitamka kwa kucheka. Huyu mmoja tu ndiye aliyelitamka kana kwamba ni jina la mtu.

Akageuka. Wino alikuwa amekonda. Walimwita Wino kwa sababu ya vidole, maana alikuwa upande wa sanaa, akichonga vibao vya kuchapia picha, na vidole vyake havikutakata hata siku ya mtihani. Leo vilikuwa vimetakata, na hilo lilimwuma Koma kuliko kule kukonda.

"Baba yako anaendeleaje?" aliuliza. Alijikaza kisabuni.

"Hajambo. Upande mmoja bado haufanyi kazi, lakini sasa anakaa kwenye kiti."

"Na kiwanda?"

"Kinakwenda. Tunachapa lebo za dawa, fomu za shule, vitu hivyohivyo." Akatabasamu kidogo. "Hakuna anayelinganisha kitu na kitu."

Hayo yalikuwa maneno ya shangazi yake. Shangazi, aliyemlea Wino tangu utotoni, alimwuliza Koma siku ya kwanza walipokutana: "Fasihi linganishi ndiyo nini, mwanangu? Mnalinganisha nini na nini?" Koma akajibu kwamba wanachukua hadithi ya huku na hadithi ya kule, au hadithi na picha iliyochorwa kutokana nayo, wanaziweka pamoja. "Ili iweje?" shangazi akauliza, na Koma, mwenye majibu ya kila kitu, akakosa la kusema. Siku ile walicheka njia nzima ya kurudi chuoni, wameshikana mikono.

"Nimekuja kuchukua faili langu," Wino alisema. "Na nimeleta kitu Mwalimu anisahihishie. Shangazi yuko chini kwenye gari. Anasema kazi hii ikitoka na kosa, tutachekwa mpaka mwakani, mtoto wa mchapaji mzima."

"Lete. Siku hizi ndiye mimi ninayemsahihishia."

"Hapana, nitamsubiri mwenyewe."

"Wino, lete. Saa sita ni mbali."

Alisita. Akafungua bahasha ya kaki, akatoa karatasi moja, akaiweka mezani na kurudi nyuma hatua mbili. Ilikuwa prufu, ile nakala ya kwanza ambayo wachapaji huitoa ili isomwe kabla mashine haijaanza kazi. Koma aliiona fremu ya maua kwanza. Halafu akaliona jina la Wino, lile la kwenye vyeti, na chini yake jina la msichana.

Akasoma kadi yote kuanzia juu hadi chini, kwa sababu hakujua mtu afanye nini kingine na karatasi. Jumamosi ya wiki ijayo. Saa nane mchana. Mwishoni palikuwa na mstari wa maandishi ya kulala: *Ungekuwepo furaha yetu ingalikamilika.*

"Hongera," alisema.

"Koma, nilitaka Mwalimu aisome. Sikujua kama bado uko hapa."

"Ulidhani nimekwenda wapi? Mimi ndiye niliyebaki, Wino. Wewe ndiye uliyeondoka."

"Haya."

"Usiniambie haya! Uliondoka Jumamosi bila kuniaga. Nilikaa pale ngazini kuanzia asubuhi nikikusubiri, na begi la matunda ya baba yako magotini kama mjinga. Nikakuandikia, umefika? Unajua ulinijibu nini? Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"'Nimefika. Asante kwa masahihisho.' Basi! Miaka miwili ya mtu, asante kwa masahihisho. Nilimwonyesha mama. Unajua mama alivyo, mkunga wa miaka ishirini na tano, habembelezi mtu. Akaniambia, mwanangu, mwanaume anayekushukuru kwa masahihisho si mchumba, ni mwanafunzi. Na aliyeacha chuo katikati atakuacha na wewe katikati. Nilikutetea wiki nzima, mpaka nikachoka mwenyewe."

Wino alikuwa akimtazama kwa namna ambayo Koma hakuielewa. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayesikiliza redio iliyoshika stesheni mbili.

"Na wewe ukanijibu 'karibu'," alisema.

"Nikujibu nini? Umenishukuru, nimesema karibu."

"Koma, nilikuuliza jambo zito kuliko yote niliyowahi kumwuliza mtu. Ukanikata kwa penseli."

"Uliniuliza lini?"

"Usinifanyie hivyo."

"Wino, uliniuliza nini? Lini?"

Sasa ilikuwa zamu ya Wino kupigwa na butwaa. Aliangalia mlangoni, akaangalia kabati la chuma lililokuwa nyuma ya meza, lile ambalo droo yake ya tatu haijawahi kufunga sawasawa.

"Kazi yetu ya mwaka wa pili," alisema. "Imo humo?"

Ilikuwamo. Kazi za mtihani hazirudishwi kwa wanafunzi. Hupewa alama na kufungiwa kabatini. Koma alipekua mafaili, akaitoa. Ile ilikuwa kazi yao ya pamoja. Walichagua riwaya ya zamani ya lugha ya kigeni, kuhusu fundi wa saa aliyeabiri meli na kumwacha mwanamke aliyempenda. Wino alitafsiri barua ya mwisho, ile ambayo fundi anaiandika akiwa tayari melini, akachonga na picha ya kwenda nayo. Koma aliandika ulinganishi na kusahihisha lugha.

Waliimaliza katika wiki mbaya. Jumatano baba yake Wino alipatwa na kiharusi. Alhamisi Wino akaacha tafsiri kwenye kisanduku cha barua cha Koma, akakimbilia ofisini kuomba ruhusa. Ijumaa Koma akairudisha kwenye kisanduku chake, imesahihishwa, na Wino akaikabidhi idarani vilevile ilivyo, na penseli yake. Jumamosi Wino akapanda basi.

"Ukurasa wa mwisho," Wino alisema. "Aya ya mwisho."

Koma akafungua. Kulikuwa na chapa ya mashine, na juu yake penseli yake ya kijani, imefifia kidogo. Wino aliandika: *Ungeniambia nibaki, ningebaki.* Penseli ya kijani ilizikata *nge* zote mbili kwa mistari miwili mizuri, iliyonyooka, na juu yake ikaandika: *Ungaliniambia nibaki, ningalibaki.* Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe uliolala kushoto: *Huyu ameshaondoka. Hapa ni ngali.* Na chini kabisa: *Nimepitia yote. Sasa ni sawa. Iende.*

"Sasa ni sawa," Wino alisema. "Iende. Nilisoma pale kwenye kisanduku, watu wakipita nyuma yangu."

"Lakini hii ni barua ya fundi saa."

"Fundi saa hakusema hivyo."

"Alisema nini?"

"Alisema kwaheri, akaweka sahihi. Mstari huu haumo kwenye kitabu, Koma. Ni wangu. Nilikuandikia wewe."

Pembeni mwa ukurasa, kwa wino mwekundu wa Mama Tafsiri, kulikuwa na maneno ambayo Koma hakuwahi kuyaona hadi siku hiyo: *Sentensi hii haimo katika kitabu asilia. Nani kaiongeza? Lakini ni nzuri kuliko zote.*

Alikaa chini. Mtu mwingine yeyote angeshangaa ni vipi viambishi viwili vidogo vimletee binadamu msiba. Huko mtaani nani anajali? Watu husema *ungekuja* na *ungalikuja* kwa siku hiyohiyo, kwa mdomo huohuo, na wanaelewana, wanaoana, wanazaa. Lakini hawa wawili walifundishwa na Mama Tafsiri. Muhula wa kwanza kabisa alisimama mbele ya darasa akasema: "Nge, mlango umeegeshwa tu, bado unaweza kuingia. Ngali, mlango umefungwa na funguo zimepotea." Kijana mmoja nyuma akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwani huyu nge haumi?" Darasa likaangua kicheko. Kijana mwenyewe alikuwa Wino. Wiki iliyofuata alichonga nge mdogo kwenye kibao, mkia juu, akamchapa kwenye kadi nyembamba, akampa Koma awe anaweka alama ndani ya vitabu. Kwa miaka miwili nge ndiye aliyekuwa neno lao. Wakigombana, mmoja anachora nge kwenye daftari la mwenzake, maana yake mlango uko wazi.

Naye, kwa mkono wake, akamkata.

"Nilidhani unafanya kazi," Koma alisema. "Sikusoma, Wino. Nilisahihisha. Niliona fundi yuko melini, nikaona kitenzi kimekosewa, nikakinyoosha. Hata sikufungua kitabu kulinganisha. Nilikuamini."

"Mimi nilikuuliza kwa nge. Nikasema huyu akiona nge ataelewa."

"Kwa nini hukuniuliza kwa mdomo? Una mdomo!"

"Baba alikuwa amelala kwenye sakafu ya kiwanda saa nzima kabla hajaokotwa! Nilikuwa naambiwa rudi, mashine zimesimama. Ningekuuliza kwa mdomo, ungenionea huruma. Nilitaka ujibu mwenyewe, bila uso wangu mbele yako."

"Na ungebaki? Na baba yako hali ile?"

"Ningekwenda nikarudi. Ningehama nikasoma huku nafanya kazi. Sijui. Ningetafuta njia." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Niliposoma 'iende', nikasema sasa nirudi kwa nani?"

Chini, gari likapiga honi mara mbili. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wametenganishwa na meza tu, na juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili, moja ya mwaka jana na moja ya wiki ijayo. Koma alitamani kuishika mikono ile iliyotakata. Alikuwa akilia sasa, waziwazi.

"Ni nani?" aliuliza, akiigusa kadi.

"Anapanga kurasa pale kiwandani. Ndiye aliyemkuta baba sakafuni." Akaipapasa bahasha ya kaki. "Ndiye anayemlisha. Baba alikaa miezi minne hasemi, na neno la kwanza alilosema ni jina lake."

"Unampenda?"

"Ni mtu mzuri, Koma."

"Sikukuuliza hivyo."

"Najua." Akainamisha kichwa. Halafu akakiinua, na macho yake yalikuwa yale ya zamani, ya korido, ya ngazini, ya siku ya shangazi. "Kadi hazijachapwa. Ni prufu tu. Nikishuka ngazi hizi sasa hivi nikamwambia shangazi, atapiga kelele, atalia, atanyamaza. Sikiliza. Leo nakuuliza kwa mdomo. Ungeniambia…"

Simu yake ikaita mfukoni, akaitoa. Aliitazama kama mtu aliyeshikwa. Ikaita, ikaita. Koma aliliona jina kwenye kioo, lilelile la kwenye kadi.

"Pokea," alisema.

"Koma."

"Pokea, huenda kuna jambo la baba."

Akapokea, na kidole chake, kwa haraka au kwa nini, kikagusa spika. Sauti ya msichana ikajaa chumbani, nyuma yake mashine ya kuchapa inanguruma.

"Umeshamwona Mwalimu? Amesemaje kuhusu kadi? Mimi naona lile neno la shangazi la mwisho halijakaa vizuri, lakini naogopa kumwambia. Baba amekula leo, sahani nzima! Nimemwambia unarudi jioni, anaangalia mlango tangu sasa. Upo na Mwalimu hapo?"

Wino alimtazama Koma.

"Yupo?" msichana aliuliza kwa hofu ya adabu. "Jamani, ananisikia? Shikamoo Mwalimu!"

Koma alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Aliitazama ile simu. Kwa sekunde moja maneno yote aliyotaka kusema yalimjia pamoja, na Mungu ndiye anayejua lipi lingetangulia.

"Marahaba," alijibu.

"Samahani kukusumbua, Mwalimu. Sisi lugha tumeiachia shuleni. Utatuangalizia tu."

"Usijali. Nitaiangalia vizuri."

"Asante sana. Mungu akubariki."

Simu ikakatika. Wino alikuwa amefumba macho.

"Sema," alinong'ona. "Bado sijashuka."

Koma aliinama, akaiokota penseli ya kijani pale ilipoangukia. Akaivuta kadi mbele yake. *Ungekuwepo furaha yetu ingalikamilika.* Shangazi alichanganya, kama watu wote wanavyochanganya, nge huku na ngali huko, mlango nusu wazi nusu umefungwa. Msichana alikuwa sahihi, halikukaa vizuri. Sikio alikuwa nalo.

Akamwona akilini mzee asiyemjua, kwenye kiti, akiuangalia mlango.

Akaikata ile *ngali* kwa mistari miwili, na juu yake akaandika *nge*. Mistari ikapinda, ya kwanza kupinda maishani mwake. Chini ya kadi akaandika, herufi moja moja: *Nimepitia. Sasa ni sawa. Iende.*

Wino alisoma akiwa amesimama. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe.

"Hivi sasa unasahihisha," aliuliza, "au unanijibu?"

"Nakujibu."

"Koma, usifanye hivi. Nakuomba."

"Chukua, Wino. Shangazi anasubiri. Faili lako lipo droo ya kwanza, utasaini kitabu kile pale."

Alitoa faili, akasaini. Alichukua kadi, akairudisha kwenye bahasha kwa uangalifu wa mtu wa karatasi. Mlangoni alisimama, akasema, "Yule nge bado unaye?" Koma akatikisa kichwa, hapana, na ulikuwa uongo mtupu, nge alikuwa ndani ya kitabu kilichokuwa mbele yake, mkia umechungulia nje ya kurasa. Wino aliuona. Akaondoka, na Koma akazihesabu ngazi zote kwa masikio mpaka zikaisha.

Mama Tafsiri alirudi saa sita na dakika chache, akiwa na miwani kichwani na makabrasha kwapani. Alimkuta Koma amekaa vilevile, rundo la insha halijaguswa, na kazi ya mwaka wa pili imefunguliwa ukurasa wa mwisho. Mwalimu aliutazama ukurasa, akamtazama msichana, akavuta kiti.

"Yule kijana niliyepishana naye langoni ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Amekuja kwa ajili ya sentensi yake?"

Koma akainua uso uliovimba. "Mwalimu ulijua ni yake?"

"Nilijua siku niliyoisoma. Kitabu kile nakifundisha mwaka wa kumi na tisa, fundi yule hana maneno hayo. Na yale masahihisho yako ya kijani, nikasema, lo, watoto hawa wamegombana hadi kwenye mtihani. Nilitaka kukuita, nikuulize."

"Mbona hukuniita?"

"Nilidhani mnajuana," Mama Tafsiri alisema taratibu. "Nilidhani umemjibu, mwanangu. Si yangu kuingilia."

Koma alitazama neno lake mwenyewe, la kijani, juu ya neno la Wino. Nje gari lilikuwa limekwisha kuondoka na uwanja ulikuwa mtupu.

"Ungaliniambia, Mwalimu," alisema. Akarudia tena, "Ungaliniambia…" na nusu ya pili ya sentensi, yeye aliyemalizia watu wote sentensi zao, ikamshinda.